Kabla ya Lami, Hesabu Miguu

Mwaka jana vijana tuliitwa kwenye mkutano wa mipango ya mji hapa Kalobeyei. Mezani kulitandazwa ramani kubwa, mwezeshaji akagawa kalamu: chora barabara unayoitaka. Kila mtu alichora mstari mnene, pembeni akaandika "lami". Mimi sikuchora kitu. Si kwamba nilikuwa naringa. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi wiki mbili tu, kwa kibali cha siku kumi na nne, na niliyoyaona kule yalinifunga mkono. Leo nataka kusema kile nilichoshindwa kusema siku ile.

Nairobi nilifikia kwa binamu yangu, karibu na Mombasa Road. Juu ya barabara hiyo imejengwa nyingine, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilianza kutumika mwaka 2022. Nisiwe mnafiki, ni kazi ya kupendeza, na jioni taa zikiwaka unaweza kusimama tu ukiangalia. Lakini barabara haipimwi kwa kuangaliwa, inapimwa kwa kupitwa. Ile ya juu unalipia. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi. Mtu wa miguu ndiyo usiseme.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye ghala lililo ng'ambo ya Mombasa Road. Siku tatu nilimsindikiza asubuhi. Kinjia cha miguu kinaanza vizuri, mbele kidogo kinakatwa na geti, halafu kinageuka kuwa mtaro, halafu hakipo kabisa. Daraja la kuvukia liko mbali na mahali matatu inapomshusha, kwa hiyo anachagua: azunguke achelewe, au akimbie katikati ya magari. Siku ya pili tulikimbia. Mimi nimekimbia risasi nikiwa mtoto, sikutarajia kukimbia tena namna ile ili mtu afike kazini.

Kinachouma ni kwamba Nairobi maneno mazuri inayo. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, yaani miguu, baiskeli na mikokoteni, ikaahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili yake. Ni maandishi yanayomheshimu mtu anayetembea. Ila miaka saba baadaye ikafunguliwa barabara kubwa ambayo huyo mtu haruhusiwi hata kuikanyaga. Saruji haikusoma sera.

Na hata hiyo sera, nikiisifu, bado nina neno nayo. Mipango mingi ya miji inawagawa watu kama mafungu ya nyanya sokoni: hapa wa miguu, pale wa baiskeli, kule abiria wa matatu. Binamu yangu ni fungu gani? Kabla ya saa mbili asubuhi ameshakuwa mtu wa miguu, abiria, na tena mtu wa miguu. Hakuumizwa na miguu wala na matatu. Aliumizwa na pale viwili hivyo vinapokutana: steji isiyo na kivuko, daraja lililowekwa mbali na steji. Mimi naona hapo ndipo mpango wa usafiri unapofaulu au kuanguka, kwenye kiungo. Mguu unaweza kuwa mzima na paja likawa zima, goti likiharibika hutembei.

Dar es Salaam walijaribu kushika hicho kiungo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilipata pia njia za miguu na za baiskeli, na vituo vikainuliwa vilingane na sakafu ya basi, mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia na huduma inasimama. Sisi tunaoishi na laga hilo tunalielewa bila kufundishwa. Maji hayasomi ramani.

Sasa nirudi mezani kwetu. Kakuma ipo tangu 1992, Kalobeyei tangu 2016, na siku hizi zinazungumzwa kama mji. Sawa. Lakini mama anayetoka sokoni na gunia la unga anatembea kwenye mchanga, anatafuta boda, na laga ikijaa anakaa chini kusubiri. Kwenye kikundi chetu yuko kijana wa kiti cha magurudumu. Wenzake wawili humsukuma mpaka barabarani, kisha boda wa kwanza anasema kiti hakibebeki, wa pili vilevile. Mwaka jana aliacha darasa la kompyuta. Wengine walisema ni uvivu. Nilikuwepo, haukuwa uvivu.

Rafiki zangu waendesha boda wataniuliza, kwani wewe hutaki lami? Naitaka, jamani. Lami inaokoa matairi yao na wagonjwa wetu. Lakini lami isiyo na matuta wala kivuko karibu na shule italeta mwendo, na mwendo utaleta kaburi. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima: barabara mnaiona kupitia dirisha la gari, vumbi mnatuachia sisi. Siku moja shukeni, mtembee na huyo mama kutoka sokoni hadi mlangoni kwake, mkihesabu ni mara ngapi anasimama na kwa nini. Kila anaposimama, wekeni alama kwenye ramani. Hapo panahitaji kitu: kivuli, kivuko cha laga, sehemu ngumu ambayo gurudumu halizami, steji ya boda inayojulikana. Mstari wa lami uchorwe baada ya hizo alama.

Mkutano mwingine tumeambiwa uko mwezi ujao. Nitaenda na yule kijana wa kiti, kalamu ashike yeye. Tunatafuta mtu wa pili wa kusukuma.