Kivumishi "Honest" katika Othello: Suala la Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanajadili kivumishi cha Kiingereza *honest* kinavyotumika katika *Othello*, tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1622. William Empson, katika *The Structure of Complex Words* (1951), alihesabu matumizi 52 ya neno hilo pamoja na nomino yake katika tamthilia hiyo. Wingi huo haukutokea kwa bahati, kwani hila ya Iago imejengwa juu yake.

Neno hili lina asili ya Kilatini, na lilihusu heshima kabla ya kuhusu ukweli. Katika enzi ya Shakespeare, mwanamume aliyeitwa hivyo alichukuliwa kuwa mkweli na wa kutegemewa. Kwa mwanamke, sifa hiyo ilimaanisha hasa kujihifadhi dhidi ya zinaa. Aidha, mkubwa aliweza kumsifu kwayo mtu wa chini yake, sifa ikiwa na chembe ya dharau. Othello anamwita Iago hivyo mara kwa mara, ilhali cheo amempa Cassio. Baadaye anampima mkewe kwa neno lilo hilo. Kadiri anavyomthibitishia Iago sifa hiyo, ndivyo anavyomnyang'anya Desdemona.

Mfasiri wa Kiswahili anaweza kushawishika kuligawa neno: *mkweli* kwa Iago, *mwenye staha* kwa Desdemona. Kila chaguo linakubalika katika sentensi yake, lakini kwa pamoja yanaukata uzi unaowaunganisha wahusika hao wawili. Tunashikilia kwamba *mwaminifu* ndilo linalofaa kote, kwa kuwa husemwa kwa mtunza fedha, kwa askari na kwa mke vilevile. Ni kweli kwamba linapoteza dharau, na upungufu huo si mdogo, kwani dharau ni sehemu ya kinyongo cha Iago. Hata hivyo, kimilikishi kinaweza kuirejesha kwa kiasi, kama katika *mwaminifu wangu Iago*.

Faida yake ni kubwa zaidi. Shina la neno hili ni *-amini*. Kumwita mtu mwaminifu ni kukiri kuwa yupo anayemwamini. Hivyo, kila Othello anapomsifu Iago, Kiswahili kinamtaja pia Othello mwenyewe, mwenye kuamini, ambaye kosa lake ndilo kiini cha tanzia hii.