Dosari na Mapenzi katika Sataranji ya Tabaka

Sataranji ya jiwe ichongwayo kwa kisu na msasa huko Tabaka, Kisii, ina dosari zilizo dhahiri. Jiwe lenyewe ni laini: huchubuka, na masikio ya farasi hukatika upesi. Vitunda vyake 16 aghalabu havilingani kimo. Hata hivyo hupendwa kuliko ile ya plastiki, kwani dosari hizo hudhihirisha mkono wa mchongaji bila ya kuigusa kanuni ya mchezo. Ndivyo ilivyo hata kwa michezo ya video: kasoro ya umbo huvumilika. Lakini shaha asipotambulikana na malkia, mchezo umevunjika. Na mhakiki anayelisamehe hilo kwa huruma humdharau msanii.