Anayesoma Ukuta wa Jirani

Olenguruone imejengwa kwenye miteremko ya Mau, nchi ya chai, ukungu na mvua nyingi. Kiwanja kikiinama, mwenye duka huchimba upande wa juu apate ghala chini ya ghorofa. Lakini udongo anaoutoa ndio unaoushikilia msingi wa jirani. Ukiondolewa ubavuni, ule uliobaki chini ya msingi hupata nafasi ya kusogea, na nyumba husogea nao. Kazi ya mpimaji ni kuuona mwendo huo ungali sehemu ya milimita.

Huanza kabla ya jembe la kwanza. Hupita chumba kwa chumba pamoja na mwenye nyumba, akiandika kila ufa wa zamani: unaanzia wapi, unaishia wapi, una upana gani. Kwenye ncha ya ufa huchora mstari mfupi wa penseli na kuweka tarehe, kisha huupiga picha rula ikiwa kando. “Mama, huu ulikuwepo?” Akikubali, wote wawili hutia sahihi.

Ndipo hukwangua rangi mpaka afikie jiwe, akafuta vumbi, akagundisha vibao viwili vya plastiki angavu, kimoja kila upande wa ufa, vikipandana katikati. Kimoja kina miraba ya milimita, kingine kina msalaba. Ukuta ukisogea, msalaba huhama juu ya miraba. Wako mafundi wanaoziba ufa kwa kipande cha kioo na plasta; kioo kikivunjika wanajua umefunguka, ila hakiwaambii ni kwa kiasi gani wala kuelekea wapi.

Kushuka kwa nyumba hupimwa kwa darubini ya usawa. Alama ya rejea huwekwa mbali na shimo, mahali ambapo uchimbaji hauwezi kuigusa. Mpimaji hukanyaga miguu ya stendi izame ardhini, huzungusha skrubu taratibu mpaka kipovu kitulie katikati. Husimama katikati ya rejea na nukta ya ukutani anayoipima, ili kasoro ndogo ya chombo ijifute yenyewe. Husoma, huandika, huzunguka nukta zote, kisha hurudi kwenye rejea. Hesabu isipofunga, yaani usomaji wa mwisho wa rejea usipolingana na wa kwanza, hufuta mzunguko mzima na kuanza upya, bila kunung’unika.

Husoma alfajiri, saa ileile kila siku. Ukuta hutanuka juani na kusinyaa usiku wa baridi. Anayelinganisha alfajiri na adhuhuri atadhani jua ni udongo. Mvua ya jana nayo huingia daftarini.

Viwango viwili vya mwendo vimekubaliwa mapema: kimoja cha tahadhari, kingine cha kusimamisha kazi. Shimo huchimbwa kwa vipande vifupi vya kurukaruka, kila kimoja kikitegemezwa kabla ya kinachofuata. Tarakimu zikielekea upande mmoja siku kadhaa, hata kama hazijafikia viwango hivyo, humwendea fomani: “Simamisha hapa. Weka mihimili kwanza.”

Zege likishamwagwa bado hurudi, kwanza kila wiki, kisha kila mwezi, kwa kuwa udongo huchelewa kutulia. Kurasa nyingi za daftari lake hurudia tarakimu ileile, naye huiandika kwa uangalifu uleule wa siku ya kwanza. Asiyejua kazi ataziona kurasa hizo kuwa bure. Kumbe bila hizo, siku tarakimu inapobadilika hakuna ambaye angetambua.