Kusoma, Kukariri na Kujifunza: Lugha ya Miongozo ya Saikolojia

Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki lugha ya miongozo ya saikolojia wanayogawiwa wanafunzi wanaoanza somo hilo. Miongozo niliyoiona Migori na Homa Bay, ambayo waandishi wake sitawataja, ina kasoro moja kubwa: kitenzi ‘kusoma’ kimetwishwa mzigo usiobebeka. Mwanafunzi huambiwa asome kurasa kadha, asome kwa ajili ya mtihani, tena asome kwa bidii asije akasahau. Kwanza kusoma ni kufuata maandishi kwa macho. Pili ni kujiandaa. Tatu ni kutia akilini. Mambo ni matatu, neno ni moja.

Huenda msomaji akasema kuwa huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tulichohifadhi hututoka upesi mwanzoni, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliojaribiwa kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya juma 1 mambo yaligeuka. Basi mwongozo unaosema “soma tena na tena” humwelekeza mwanafunzi kwenye njia iliyo dhaifu, na humfanya aamini kuwa ameshajua.

‘Kukariri’ nalo halitufai. Asili yake ya Kiarabu ni kurudia, na katika shule za Kenya limekuwa jina la kuhifadhi pasipo kuelewa.

Hata hivyo, lugha haikupungukiwa. Tunacho ‘kudurusu’, tunacho ‘kujipima’, na zaidi ya yote tunacho ‘kujifunza’, yaani mtu kuwa mwalimu wa nafsi yake. Mwanafunzi msemaji wa Dholuo hahitaji maelezo marefu hapa. Katika lugha yake ‘puonjo’ ni kufundisha, na ‘puonjore’, yaani kujifundisha, ndiko kujifunza. Lugha mbili zisizo na nasaba moja, ya Kibantu na ya Kiniloti, zimekutana katika wazo lile lile. Kinyume chake, ‘somo’ la Dholuo limekopwa kutoka Kiswahili, na limekopwa pamoja na utata wake.

Mimi mwenyewe nilivuka mitihani ya shahada ya pili ng’ambo kwa kurudia madaftari usiku kucha. Mengi ya niliyoyarudia hayapo tena kichwani. Sipendi wanafunzi wetu, ambao wengi wao watakuwa walimu, wairithi desturi hiyo na kuipeleka madarasani.

Kwa hiyo napendekeza miongozo iache kuamuru ‘soma’ pale inapokusudia jambo jingine. Na iseme wazi: funika kitabu, eleza unachokumbuka kwa maneno yako, kisha fungua ujisahihishe. Huko ndiko kujifunza.