Aeron: kiti kinachobeba mgongo bila sponji

Wengi wetu tukienda kununua kiti cha ofisi huanza kwa kukibonyeza kwa kiganja. Kikizama, tunasema ni kizuri. Kipimo hicho hupotosha, na anayetaka kujua kwa nini akitazame kiti cha Aeron, kilichoingia sokoni mwaka 1994 kutoka kampuni ya Herman Miller ya Zeeland, Michigan, nchini Marekani. Wabunifu wake, Bill Stumpf na Don Chadwick, waliondoa sponji yote, na watu wakakikalia kutwa. Bei yake inawazidi wengi, lakini maamuzi matatu yaliyokiunda yanamfaa kila anayefanya kazi mezani.

Fikra yenyewe haikuanzia ofisini. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wawili hao walikuwa wakitafiti viti vya wazee. Waliona kwamba sponji nene hufungia joto na jasho, na kwa mtu asiyeweza kujigeuza mara kwa mara, joto hilo pamoja na mgandamizo huleta vidonda. Wakabuni kiti walichokiita Sarah, chenye sponji nyembamba juu ya kitambaa cha plastiki kilichokazwa kwenye fremu. Sarah hakikuuzwa, ila kilionyesha kuwa kitambaa kilichovutwa sawasawa kinaweza kubeba mwili. Hatua iliyobaki ilikuwa kuiondoa sponji kabisa.

Uamuzi wa kwanza, basi, ni wavu. Tukikaa, uzito mwingi hushukia kwenye mifupa miwili ya makalio. Sponji hushindiliwa zaidi hapo hapo chini ya mifupa, na ile ya bei rahisi huisha nguvu mapema, ukawa umekalia ubao. Wavu uliokazwa hufanya kazi kama kitanda cha kamba: ukilemea sehemu moja, nyuzi za jirani huvutwa nazo zikabeba sehemu ya mzigo, na hewa hupita chini ya mwili. Udhaifu wake uko pembeni, kwani wavu lazima ushikwe na fremu ngumu. Paja likigusa fremu hiyo, raha imekwisha.

Kwa hiyo uamuzi wa pili ukawa wa lazima: saizi tatu, yaani A, B na C. Ofisini ilizoeleka kiti kikubwa kuwa cha mkubwa wa kazi. Aeron kikafuata mwili wa mkaaji, si cheo chake. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Kiti chenye kina kirefu kuliko paja humlazimisha mtu mfupi kuchagua kati ya mabaya mawili. Akirudi nyuma hadi kwenye kiegemeo, ukingo wa mbele humkaba nyuma ya magoti na kubana mishipa. Akisogea mbele, kiegemeo hakimgusi tena, na mgongo unajibeba wenyewe hadi jioni.

Uamuzi wa tatu ni mwendo. Tunapokaa kwa kujikunja, nyonga hulala nyuma, tao la kiuno hunyooka, na diski za uti wa mgongo hubanwa upande wa mbele. Daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, aliyepima shinikizo ndani ya diski hizo, alionyesha pamoja na wenzake kuwa kuegemea nyuma huku kiuno kikishikiliwa hulipunguza. Aeron kiliundwa kwa namna ambayo kikalio na kiegemeo huinama pamoja vikifuata viungo vya nyonga, magoti na vifundo vya miguu, ili mtu aegemee bila nyayo kuinuka sakafuni. Mwaka 2016, miaka kumi baada ya kifo cha Stumpf, Chadwick alishiriki kukisanifu upya, na wavu ukagawanywa katika maeneo manane yenye ukazo tofauti.

Tukiyapeleka haya dukani, usikibonyeze kiti. Kikalie, angalau dakika kumi na tano, na viatu unavyovaa kazini. Sukuma makalio hadi nyuma kabisa. Kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Rekebisha kimo hadi nyayo zitue zote na mapaja yasiinuke. Uvimbe wa kiegemeo uingie kwenye tao la kiuno, juu kidogo ya mkanda. Ukigusa mbavu, kiti si chako. Egemea, uone kama kinakufuata na kukurudisha bila kukusukuma. Mikono ya kiti ishike viwiko bila kuinua mabega. Kama meza iko juu mno kwako, inua kiti hadi viwiko vilingane nayo, kisha weka kibao chini ya miguu.

Bajeti ikiwa ndogo, lipia kwanza kina kinachokufaa, kimo kinachorekebishika na kiegemeo kinachofika kiunoni. Ngozi, mto wa kichwa na unene wa sponji visubiri. Wavu nao usiununue kwa jina tu, maana uliolegea hukuangusha katikati na kukukunja vilevile. Hata kiti bora hakimtoshi anayekaa bila kujongea, kwa hiyo simama na utembee kidogo kila baada ya nusu saa. Kazi ya kiti ni kuulinda mgongo wako kati ya matembezi hayo.