Kumpunguzia Mchawi Jeshi

Watu wakikaa kucheza Dungeons & Dragons, hakosekani anayetaka kuwa mchawi wa wafu, na mwendesha mchezo anaguna. Namwelewa. Kwa kanuni za toleo la 5, lililotoka 2014, mchawi akifika ngazi ya 5 anaweza kuinua kiunzi cha mifupa au msukule, nacho humtii kwa saa 24. Akiwa na subira, na makaburi yakiwepo, siku si nyingi anatembea na viunzi vinane, kila kimoja na upinde wake.

Piga hesabu. Dhidi ya adui mwenye namba ya ulinzi 15, kiunzi kinahitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo nusu ya mishale inapotea. Unaopata hutoa wastani wa pointi 5.5 za uhai. Vinane kwa pamoja: 22 kwa kila mzunguko. Mpiganaji wa ngazi hiyohiyo, aliyezaliwa kwa ajili ya vita, anaambulia kama 14 kwa upanga wa mikono miwili. Na mchawi mwenyewe bado hajafanya lake!

Hapo ndipo anapoingia fundi wa nyumbani, yule anayejitungia fani yake ya mchawi usiku, bila malipo, ili wenzake wanne wafurahi Jumamosi. Fundi mchanga hukimbilia kupunguza makali ya mshale. Matokeo yake ni viunzi vinane dhaifu ambavyo bado vinarushiwa dadu mara nane, kimoja kimoja, huku wenzake wakichezea simu. Kilichozidi tangu mwanzo ni zamu.

Wenye mchezo nao waliliona hilo. Katika kitabu Tasha's Cauldron of Everything, cha 2020, wakaleta uchawi wa kuita roho moja tu ya mfu, inayotoweka mchawi akivurugwa umakini. Dawa safi, kwangu mimi safi mno. Mtu ameomba jeshi, umempa mlinzi.

Ninayemvulia kofia ni yule anayekiacha kikosi kizima, ila anakifunga kiwe mwili mmoja: zamu moja, shambulio moja. Viunzi vinane vikiwa vimesimama, pigo linalopata hurushiwa dadu nne za pande 8. Kila viwili vinapovunjika, dadu moja inarudi mfukoni. Mchezaji anaisikia hasara kiganjani. Kwa wastani wa 18, nusu ya mapigo yakikosa, kikosi kinatoa 9 kwa mzunguko, na mpiganaji amerudishiwa heshima yake.

Kisha inakuja bei, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kila kiunzi kinachosimama kinashikilia pointi kadhaa za uhai wa bwana wake, na haziponi mpaka akiache kilale. Ngapi? Mchawi wa ngazi ya 5 huwa na kama 30. Ukitoza 1, haumii popote. Ukitoza 5, vinane vinadai 40, na marehemu ni yeye. Fundi anafuta, anaandika 3. Vinne vinamgharimu 12, na mwenye busara ataishia hapo. Anayeita vyote vinane anabaki na 6, na mshale wa goblini, miongoni mwa maadui wanyonge kabisa mchezoni, unaweza kutoa 8.