Mlima wa Kombani na mguu wa kushoto

Katika njia ya Likoni kwenda Kwale, huhitaji kumtazama dereva ili ujue kama gia anazijua. Keti benchi ya mwisho ya Hiace, utazame vichwa vya walio mbele yako. Vikiinama pamoja na kurudi nyuma pamoja kila gia inapoingia, jibu umelipata. Vikitulia hadi Kombani, bado usimsifu, maana barabara ya kupitia Ng'ombeni na Waa haimdai mtu mengi. Mtihani huanza matatu inapokata kulia, ikaiacha barabara ya Lunga Lunga na kuanza kupanda. Mji wa Kwale umekaa juu ya vilima vya Shimba, vilima ambavyo sehemu zake za juu zinafika kama mita 450 kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe haiko mbali. Kimo hicho lazima injini ikipate kwa umbali mfupi, tena ikiwa na abiria 14, magunia na pengine kuku.

Anayejifunza udereva huambiwa kwanza kabisa: toa klachi polepole. Ushauri huo unafaa kwa kuliondoa gari lililosimama. Gari likishakuwa mwendoni, ni nusu ya maelezo tu, na nusu iliyoachwa ndiyo kubwa. Mshtuko hutokea kwa sababu injini inazunguka kwa kasi moja na giaboksi inataka kasi nyingine. Ukiachia klachi kwa ghafla, tofauti hiyo wanailipa abiria kwa shingo zao. Ukiachia polepole, inalipwa na pleti ya klachi kwa joto, na mwenye gari atakuja kuilipa kwa fundi. Dereva anayejua kazi haachi deni: anaifikisha injini kwenye kasi inayotakiwa kwanza, ndipo mguu wa kushoto unainuka. Ikiwa kasi zimekutana, hata akiinua mguu upesi hakuna atakayejua.

Tuchukue hesabu ya mfano. Giaboksi ya gia tano ya gari la abiria inaweza kuwa na uwiano wa 4.5 kwa gia ya kwanza, 2.5 kwa ya pili, 1.5 kwa ya tatu, 1 kwa ya nne na 0.8 kwa ya tano. Dereva akibadilisha kila mara injini inapofika mizunguko 2,500 kwa dakika, kutoka moja kwenda mbili injini lazima ishuke hadi karibu 1,400. Kutoka mbili kwenda tatu itashuka hadi 1,500, na kutoka tatu kwenda nne hadi takriban 1,670. Kutoka nne kwenda tano inashuka hadi 2,000 tu. Pengo la kwanza ni zaidi ya maradufu ya pengo la mwisho. Kwa hiyo anayebadilisha gia zote kwa mdundo mmoja, kanyaga, vuta, achia, atakuwa laini kwenye gia za juu na atashtua watu kwenye zile za chini. Moja kwenda mbili inahitaji subira, kwa sababu injini haina kitu cha kuishusha ila msuguano wake na upepo inaouvuta. Dizeli, yenye flaiwili nzito, huchelewa zaidi kushuka. Ndiyo maana dereva aliyezoea gari dogo la petroli akipewa Hiace kwa mara ya kwanza huwa na haraka kuliko gari lenyewe.

Sasa turudi mlimani, ambako mambo yanageuka. Kupandisha gia ni kungoja injini ishuke. Kurudisha gia ni kuipandisha wewe mwenyewe.

Matatu iko kwenye gia ya tatu, kilomita 30 kwa saa, injini iko 1,500 na inaanza kuzidiwa. Mizunguko hiyo kwenye gia ya tatu, kwa kasi hiyohiyo ya magurudumu, ni 2,500 kwenye gia ya pili. Dereva akikanyaga klachi, akaingiza mbili na kuachia huku mguu wa kulia uko hewani, injini iliyokuwa inazembea itavutwa na magurudumu kutoka chini hadi huko juu kwa kufumba na kufumbua. Nguvu ya kuivuta inatoka kwenye mwendo wa gari, na gari linafunga kama lililopigwa breki. Hapo ndipo vichwa vinapokwenda mbele.

Dawa yake ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Klachi ikiwa chini na mkono ukipita kutoka tatu kwenda mbili, pedali ya mafuta inaguswa kidogo, mlio wa injini unapanda, kisha klachi inaachiwa mlio ungali juu. Mwenye sikio hatazami dashibodi. Anaijua sauti ambayo gia ya pili itakuwa nayo kwa mwendo ule, na anaitoa sauti hiyo kabla gia haijashika.

Mlima nao una hila yake. Klachi ikiwa chini, hakuna kinacholisukuma gari, na mteremko unalivuta nyuma. Kwenye mwinamo wa mita 6 kwa kila mita 100, gari hupoteza karibu kilomita 2 kwa saa katika kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kutafuta gia inaliondoa gari letu kwenye 30 na kulifikisha 27, na mizunguko inayotakiwa kwenye gia ya pili inashuka hadi 2,250. Kwa upande mmoja hiyo ni nafuu, injini ina safari fupi ya kupanda. Kwa upande mwingine, anayesitasita sekunde tatu au nne atakuta gia ya pili nayo inaelekea kuwa nzito, na ataanza kuiwinda namba moja gari likiwa bado linatembea. Kosa hilo halikufanyika kwenye mguu. Lilifanyika nyuma kidogo, aliposubiri injini ikorome ndipo akumbuke kurudisha. Kwa maoni yangu hili ndilo linalotenganisha madereva wa njia hii: mzuri huchagua gia kwa kuutazama mlima ulio mbele, mbaya huchagua kwa kuisikiliza injini inayolalamika.

Ndani ya giaboksi kuna ulinganishaji mwingine ambao dereva hauoni. Kuna pete za shaba, mafundi huziita sinkro, zinazosuguana na gia na kuilazimisha izunguke sawa na shafti kabla meno hayajakutana. Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye kifaa hicho mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva aliifanya kazi hiyo kwa miguu yake: klachi chini, fri, klachi juu, mafuta kidogo, klachi chini tena, gia. Bado kuna malori makubwa yanayodai hivyo. Kwenye Hiace sinkro inahitaji muda mfupi tu. Mkono husukuma hadi pale gia inapokataa, unatulia hapo, kisha gia inaingia yenyewe. Anayeilazimisha kwa kiwiko huila ile pete siku baada ya siku, mpaka gia ya pili ianze kulia kila inapoitwa.

Kushuka kutoka Kwale, kanuni ya madereva wa zamani bado haijapitwa: gia iliyokupandisha ndiyo itakayokushusha. Inaingizwa kabla mteremko haujaanza, gari likiwa bado taratibu. Kuna wanaoweka fri ili kuokoa mafuta. Kwenye dizeli za kisasa zenye mfumo wa elektroniki hesabu hiyo ni ya kinyume: gari likishuka ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, mfumo hukata dizeli, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye fri injini inabaki peke yake, na lazima inywe ili isizime. Breki nazo huachiwa mzigo wote wa watu na magunia.

Barabara kuu ya kwenda Tiwi, Ukunda na Msambweni haina milima ya kuogofya. Kidhibiti mwendo cha lazima hakiruhusu matatu kupita kilomita 80 kwa saa. Kazi ya gia huko inatokana na matuta. Kila tuta ni tatu, mbili, kisha tatu tena. Walio laini humaliza breki na kuingiza mbili kabla tairi la mbele halijagusa tuta, wanapita injini ikiwa imeshika kidogo, na mafuta yanaongezwa tairi za nyuma zikishatua. Anayebadilisha gia juu ya tuta huwapa abiria mishtuko miwili kwa nauli moja.

Diani ina somo lake. Tuktuk za Bajaj zinazojaza barabara ya ufukweni zina klachi na gia kwenye mkono mmoja, wa kushoto: vidole vinavuta klachi, kiganja kinazungusha gia, moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Klachi yake ina pleti kadhaa zinazoogelea kwenye oili, kwa hiyo inastahimili kushikiliwa nusu nusu kwenye foleni. Pleti ya Hiace ni moja, tena kavu. Kijana anayetoka kwenye tuktuk kwenda kwenye gari huja na tabia ya kuichezea klachi, na harufu ya kuungua humfuata mpaka aiache.

Harufu hiyo inajulikana vizuri kwenye foleni ya feri ya Likoni. Pale dereva asijongee kila nafasi ya mita moja inapofunguka. Aache nafasi ya gari moja au mbili, aingize namba moja, aachie klachi yote, dizeli itembee yenyewe bila mafuta. Kupanda kutoka kwenye feri ni kazi ya kubalansi. Maji yakipwa, feri inakaa chini na mwinamo unakuwa mkali. Hendibreki juu, mafuta kidogo, klachi inainuliwa mpaka mlio unapozama na pua ya gari inainuka, ndipo hendibreki inashushwa. Na feri ikiwa safarini, gari libaki na hendibreki na ndani ya gia, injini imezimwa. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri likazama kwenye kivuko hicho, na mama na binti yake wakafa. Baada ya hapo sioni sababu ya mtu kubishana juu ya hendibreki.

Si kila mtikisiko ni wa dereva lakini. Mpira wa kushikilia injini ukichoka, injini inaruka kwenye kiti chake kila klachi inaposhika. Krosi ya propela ikilegea, utasikia mgongano wa chuma chini ya sakafu. Pleti iliyoungua ikawa kioo hutetema wakati wa kuondoka hata chini ya mguu bora. Kabla ya kumlaumu mtu, pima: mahali tambarare, hendibreki juu, mguu wa kulia kwenye breki, ingiza gia ya nne, kisha achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma, pleti inateleza, na hakuna ufundi wa mguu utakaoifikisha matatu Kwale ikiwa imejaa.